Mguu Uliosingiziwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pikipiki alifagia nywele katika kibanda cha baba yake, kinyozi. Alizikusanya zote, nyeusi, nyeupe, hata zile zilizotiwa rangi ili kumfichia mwenyewe umri, akazitia ndooni. Kazi hiyo hakuichukia. Alichochukia ni midomo ya wateja.

Jina la Pikipiki hakupewa na wazazi. Alibandikwa na mtaa mzima siku aliposhinda mbio za shule zote za jirani. Baba naye akabandika picha yake juu ya kioo, ili kila anayenyolewa amtazame binti bingwa, apende asipende.

"Pikipiki! Umetia mafuta?" aliuliza mteja mmoja, povu limemjaa kidevuni.

"Shikamoo," akajibu Pikipiki, maana jibu jingine lingemletea matata.

"Marahaba. Jumamosi usituangushe, eti! Mwenzio nimeshatamba kazini."

"Huyu ashindwe?" Baba akacheka, wembe ukiwa hewani. "Labda wamfunge kamba!"

Pikipiki akafagia kwa hasira mpaka mteja akapiga chafya na povu likaruka. Usituangushe, usituangushe! Utadhani mtaa wote umempanda mgongoni, na kila mtu na mzigo wake.

Zamani alikimbia kwa sababu alipenda kusikia upepo masikioni. Sasa kila akizikumbuka mbio za Jumamosi, usingizi ulimkimbia kwa kasi kuliko yeye mwenyewe. Asubuhi nyingine alitapika hata kabla ya chai.

Wala hakunyamaza. Alimwambia baba, "Baba, sijisikii vizuri."

"Wapi?"

"Hapa." Akagusa kifua.

"Umelala vibaya. Kunywa maji."

Akamwendea mwalimu wa michezo. "Mwalimu, naogopa."

"Bingwa haogopi! Zunguka uwanja mara mbili, woga utoke na jasho."

Akazunguka. Jasho likatoka, woga ukabaki palepale.

Basi jioni moja ya mazoezi, mwalimu alipopuliza filimbi, Pikipiki akashika goti la kulia. "Aaa! Mguu wangu!"

Lo! Dunia ikageuka. Mwalimu alimfikia kwa mbio ambazo wanafunzi wake hawakuwahi kuziona. Kiti kikaja, barafu ikaja, pole zikaja. Nyumbani, shangazi, dada yake baba, ambaye hakuna aliyewahi kumwomba akande mtu na hakuna aliyewahi kumzuia, alimkanda kwa mafuta ya moto mpaka goti zima likaanza kuuma kweli.

"Pole, mwanangu. Panauma hapa?"

"Sasa panauma, shangazi."

"Nilijua tu! Mkono wangu haudanganyiki."

Pikipiki akalala na bendeji, amevimba kwa hasira. Goti lisilo na ugonjwa lilikuwa limebembelezwa kama mtoto mchanga. Mwenye goti, hakuna aliyemuuliza hali.

Kesho yake alioga haraka haraka, akafunga bendeji, akaenda shule akichechemea. Uwanjani alikutana na Kidoti, mwenzake katika mbio za kupokezana vijiti, msichana asiyepitwa na kitu.

"Wee! Jana goti la kulia, leo la kushoto? Ugonjwa umehama nyumba?"

Watoto wakaangua kicheko. Pikipiki akatazama chini, akaona kweli: bendeji ilikuwa imekaa kushoto, imetulia kabisa.

"Kumbe mwongo!" mwalimu akafoka. "Unatuchezea, siyo? Vua hiyo bendeji, uingie uwanjani sasa hivi!"

Pikipiki akainua kichwa, na safari hii hakuyameza maneno.

"Ndiyo, nimedanganya! Lakini nilipokwambia kweli kwamba naogopa, ulinizungusha uwanja. Niliposingizia mguu, ukaniletea kiti! Sasa nifanyeje, mwalimu? Silali, natapika, hata viatu vya mbio sitaki kuviona. Nyote mnaijulia hali miguu yangu. Mimi mwenyewe hamniulizi!"

Kicheko kikakatika. Mwalimu akajikuna kichwa, akajikuna shingo, akaona hapajabaki pa kukuna. Akaketi chini kwenye majani.

"Kaa, mwanangu," alisema polepole. "Anza mwanzo. Mimi leo nasikiliza tu."

Pikipiki akaeleza yote, akilia. Baadaye wakaongozana hadi kwa kinyozi. Walimkuta amemaliza upande mmoja wa kichwa cha mteja.

"Huo ni woga tu," baba akasema alipoelezwa. "Akishinda utaisha."

"Nilishinda, baba, ndiyo ukaanza!"

Mashine ya kunyolea ikanguruma peke yake. Mteja mwenye kichwa nusu akageuka. "Kinyozi, zima hicho kitu umsikilize mtoto. Mimi kwa hali hii nitakwenda wapi?"

Baba akazima. Akamsikiliza binti yake mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, mama. Nilikuwa natazama picha, nikaacha kukutazama wewe."

Jumamosi Pikipiki hakukimbia. Kidoti alipewa kijiti cha mwisho mahali pake, na shule yao ikaambulia nafasi ya nne. Wengine walinuna, na yule mteja aliyetamba kazini ilibidi atafute habari nyingine ya kutambia. Pikipiki alianza kuonana na mwalimu wa ushauri, akafundishwa kupumua taratibu na kusema yaliyomo moyoni kabla hayajafika tumboni. Usingizi ulirudi kwanza. Hamu ya kukimbia ilichelewa, lakini nayo ikarudi.

Siku aliporudi uwanjani, mwalimu aliwapanga wote mstari.

"Kuna anayeumwa mguu?"

"Hakuna!"

"Kuna anayeumwa rohoni?"

Mkono mmoja ukapanda. Alikuwa Kidoti.

"Mwalimu, tangu nikabidhiwe kijiti cha mwisho, usiku nakodoa macho tu."

Hakuna aliyecheka. Pikipiki alisogea, akasimama karibu yake mpaka mabega yakagusana.

"Ahsante kwa kusema," mwalimu alimwambia Kidoti. "Leo utapumzika, kisha tutaongea." Akawageukia wengine. "Pikipiki alikosea kudanganya, na ameomba radhi. Mimi nilikosea zaidi, maana nilimwadhibu aliposema kweli. Hofu na huzuni ni maumivu kama maumivu ya goti, ila hayavimbi tukayaona. Kwa hiyo anayeumwa aseme, na anayeambiwa anyamaze asikie. Haya, wengine, polepole. Leo hatushindani na mtu."