Uji wa Chenda

Kijijini Ang Svay mtoto akicheka usingizini hamtishi mtu. Husemwa kwamba mama yake wa maisha yaliyopita amekuja kumchezea, basi, watu huendelea na kazi zao. Ndiyo maana siku ya kumi ya sikukuu ya wafu, Kolap wa miezi minne alipocheka peke yake ndani ya bembea yake ya kitambaa, mama yake, Voleak, hakuinua hata kichwa. Alikuwa amekaa chini ya nyumba, kivulini baina ya nguzo zilizoiinua, akifinyanga matonge ya wali wa kunata na ufuta pamoja na mama mkwe wake, Bibi Hon.

"Mwenzio kaja," Voleak akamtania mtoto.

Kilichomshtua ni bibi. Siku zote yeye ndiye hudakia maneno. Leo vidole vilimbakia mdomoni. Alikuwa na mazoea ya kulamba vidole, maana aliyepona njaa ya makambi ya kazi za kulazimishwa, enzi za usichana wake, hapotezi punje. Watu wakimcheka huwajibu, "Kwangu mimi hata sisimizi hulala njaa."

"Unasikia harufu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Harufu gani, Mama?"

"Tope la shambani."

"Masika haya. Tope liko mpaka kitandani."

Bibi Hon hakucheka.

Jioni ile Kolap alikataa ziwa. Kesho yake akakataa tena, akigeuza uso kama mtu aliyetoka karamuni, na huku mashavu yamemnywea. Maziwa yalimjaa Voleak kifuani mpaka yakamuuma. Muuguzi wa zahanati alimpima mtoto, hakuona homa. Mume alikuwa kwenye tanuri za matofali, hatarudi mpaka siku ya mwisho ya sikukuu. Voleak aliogopa, na hakuwa na wa kumwambia ila huyo huyo mama mkwe asiyetaka kuzungumza.

Siku ya kumi na mbili, jua la utosi, Voleak alipitiwa na usingizi kwenye mkeka. Aliamshwa na mlio wa kamba, kwii, kwii, ule mlio wa bembea inayovutwa taratibu na mtu anayejua kulea. Akafumbua macho akaona kamba imekazwa, imenyooka kuelekea nguzoni pasipo na mtu, na harufu ya tope na mpunga mbichi imejaa mpaka inakaba koo, na mtoto amelala kimya akifyonza, midomo inakwenda na koo linameza, kwa nguvu kabisa, kama anyonyavyo ziwa, lakini mbele yake hakuna ziwa wala mkono, ila uji mwepesi uliochacha ukimchuruzika kidevuni, na katikati ya uji ule punje moja ya mchele.

Alimnyakua mtoto, akakimbia naye peku hadi hekaluni.

Mzee Sim, msomaji wa majina ya marehemu, alivaa miwani yake iliyofungwa kwa mpira, akamsikiliza. Hakushangaa, jambo lililomtia Voleak hofu zaidi.

"Karatasi yenu ina majina saba. Nayasoma kila alfajiri. Nani hayumo?"

"Mimi mkwe tu, babu. Mwandishi ni Mama."

"Kamuulize. Siku hizi kumi na tano wafu wamefunguliwa, wanatafuta ndugu hekalu kwa hekalu. Asiyeitwa hapati kitu, atakuja kuchukua. Mficha uchi hazai. Huyu kazaa, kapata na mjukuu, na bado anaficha."

Bibi Hon alikana mara mbili. Mara ya tatu Voleak alimwekea Kolap mapajani, mwepesi kama kapu tupu, akamwambia, "Mwambie huyu, basi. Mimi usiniambie."

Bibi akampangusa mtoto kidevu.

"Chenda," alisema. "Mdogo wangu. Alijifungua kambini. Jikoni walimpa bakuli la uji kwa siku, nami ndiye niliyekuwa nampelekea. Siku ya kwanza niliunywa njiani. Nilikuwa na njaa, mwanangu. Nikamwambia jikoni wamekataa. Siku ya pili nikaunywa. Ya tatu nikaunywa. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, 'Jikoni wamekataa, dada?' Akafa yeye na kichanga chake. Nilisema nisipomwandika hatakuja."

Voleak alimtwaa mtoto kutoka mapajani mwa mama mkwe. Alimchukia, na alimhurumia.

Agizo la Mzee Sim, walipomrudia, lilikuwa fupi. Tonge halipiti kwenye mdomo wa mfu mwenye njaa ile, mdomo uliobanwa ukawa tundu la sindano. Bibi Hon apike uji mwepesi, aumwage kwa mkono wake jina likitajwa, na asionje hata tone.

Alfajiri, kabla ya mwanga ambao wafu wauogopa, walilizunguka hekalu peku na wanakijiji wengine. Wenzao waliwarushia wafu wao matonge gizani. Sauti ya Mzee Sim ikatoka ndani: "Chenda." Bibi Hon akainamisha bakuli, akilia. Uji ukamwagika chini, mwingine ukamtambaa vidoleni, na mkono wenyewe, kwa mazoea ya miaka, ukapanda mdomoni.

Voleak aliona.

"Mama," alinong'ona.

"Sikukusudia," bibi akasema. "Naapa sikukusudia."

Voleak hakumwambia mtu. Walipofika nyumbani Kolap alilishika ziwa akanyonya mpaka akakoroma, na Voleak akalia kwa furaha, akajiambia kwamba tone moja si kitu. Siku ya mwisho mumewe alirudi, wakawasafirisha wafu mtoni kwa vijahazi vya migomba vilivyojaa chakula, wakawaaga vizuri.

Usiku ule wali haukuingia mdomoni mwa Bibi Hon. Midomo ilikuwa inajikunja, kila siku kidogo zaidi, kama mdomo wa mfuko unaovutwa kamba. Daktari hakuona jeraha. Hatimaye kilichopita ni uji mwepesi tu, na mpelekaji akawa Voleak, asubuhi na jioni, kutoka jikoni chini mpaka chumbani juu. Ngazi yao ina vidato kumi na viwili.

Jioni ya tatu ya kumpelekea alipanda na bakuli limejaa pomoni. Alipofika mlangoni alilikuta tupu. Hakujikwaa, wala hapakumwagika kitu. Alijipangusa midomo kwa kiganja, na kiganja kikalowa uji. Chumba kizima kilinuka tope la shambani.

Bibi Hon alikuwa amejilaza, akimtazama bila mshangao. Kutoka kwenye kile kitundu cha mdomo ikatoka sauti ya msichana, ya upole, isiyolaumu.

"Jikoni wamekataa, dada?"