Kilomita Zilizofutwa

Gari lilikohoa. Si injini, injini ilikuwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwa Bwana Nafuu, muuza magari yaliyotumika, aliyejipa jina hilo mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kumsifu. Kikohozi kilitoka kiti cha nyuma kabisa, kikavu.

"Nani huyo?" akauliza mama muuza mikate, aliyekuja na mumewe kutafuta vani ya kazi.

"Springi, mama yangu. Zinajinyoosha."

Springi zikohoe! Lakini uso wake ulishakauka kwa uongo. Vani ile aliichukua milioni tatu kwa mjane wa mganga, akateketeza akiba yake yote. Mita ilisoma kilomita laki tatu kasoro hamsini. Akamlipa fundi airudishe hadi kilomita elfu themanini, sasa anataka milioni nane.

Mume akafungua mlango wa nyuma. Ikamgonga harufu ya nywele zilizoungua.

"Mke wangu, twende."

"Shemeji, saba basi! Sita!"

"Hata unilipe wewe," akajibu mama, keshafika barabarani.

Nafuu akaingia kiti cha dereva kwa hasira, akabamiza mlango, akampigia simu mjane. "Mama, humu mna kitu! Mbona ulinificha?"

"Uliniuliza? Ulikuwa bize kunilalia kwenye bei. Ni jini wa marehemu. Aliapishwa aondoke mita ikitimiza laki tatu. Zunguka mjini leo, ataenda zake."

Nafuu akaitazama mita. "Mita... inasoma elfu themanini."

Mjane akacheka mpaka akakohoa. "Baba, mwenye kumwapisha nilimzika. Pambana."

"Fundi ataipandisha tena! Leo leo!"

Simu ikakatika, na mchana ule mweupe, watu wakipita nje na ndoo zao bila hata kugeuka, kikohozi kikahama kiti cha nyuma kikaja cha katikati, kikahama tena kikaja mgongoni pake, harufu ya nywele ikamjaa kooni, vitasa vikajifunga kimoja baada ya kingine, na yule bingwa wa maneno akabaki kuvuta kitasa kwa mikono miwili.

Mkono mrefu, mkavu, ukapita begani kwake, ukavuta mkanda, ukamfunga.

"Fundi wa nini?" sauti ikamnong'oneza sikioni. "Safari hii kilomita nahesabu mwenyewe, mpaka laki tatu. Washa. Na usinipitishe njia za mkato."

Akawasha.