Wimbo wa Wabeba Pamba

Kila asubuhi, kabla kengele ya misheni haijalia, Odile alifagia darasa la wakubwa katika shule ya wasichana ya Kabambare. Siku ile alikuwa amefika katikati ya chumba Mwalimu Victorine alipoingia mbio, akamnyang'anya ufagio na kumwambia akanawe miguu. Masera Anastasie, mtawa Mbelgiji aliyesimamia shule za misheni, alikuwa akitarajiwa Jumamosi. Sasa alikuwa njiani.

Wasichana wote walijua anakuja kufanya nini. Shule ya ualimu ya Kasongo ilikuwa imewapa nafasi moja tu, na mtihani wake wa Kifaransa ulitaka mwanafunzi asome makala na kueleza mbinu ambazo mwandishi ametumia kumshawishi msomaji. Masera angechagua wa kumtuma. Odile akikosa, angerudi Lusangi, kwenye shamba la pamba ambalo serikali ya Wabelgiji ilimlazimisha baba yake kulima. Dada zake walikuwa wamekwisha kurudi huko.

Makala waliyojizoeza nayo ilitoka katika gazeti la Ulaya. Iliisifu pamba kutoka mwanzo hadi mwisho, na ndani yake hamkuwa na mkulima hata mmoja mwenye jina. Walikuwa "watoto wetu weusi", wote kwa pamoja, kama kundi la mbuzi. Mwandishi alipita huku kwetu Maniema ndani ya gari, akala kuku wa watu, kisha akarudi kwao kueleza yaliyomo mioyoni mwao. Mtu wa namna hiyo akikuona unatoka jasho huandika kwamba unang'aa.

Hata hivyo, Mwalimu Victorine aliwafundisha kumsifu. Waseme maneno yamechaguliwa vizuri, sentensi zinatiririka, mifano ni hai. Emilienne, binti wa karani, aliyameza yote.

"Wewe utamwambia Masera nini?" alimwuliza Odile walipokuwa wakipanga viti. "Mutoto wa pamba, hata Kifaransa chako iko na udongo."

"Na chako umekiosha mpaka kimebaki maji," Odile akajibu.

Masera alipokwisha kuketi, Emilienne alitangulia. Alisifu bila kuvuta pumzi, na Masera akatazama dirishani muda wote. Kisha ikawa zamu ya Odile. Naye alianza na sifa zilezile, mpaka Masera akainua mkono na kusema kwamba santuri hiyo amekwisha kuisikia. Akamtaka aonyeshe sentensi moja tu, ile iliyomshawishi msomaji kuliko nyingine.

Odile aliitafuta, akaisoma. Mwandishi alisema kwamba weusi wakibeba pamba kwenda sokoni huimba njia nzima. Kisha aliuliza: je, nani atathubutu kusema kwamba hawaifurahii kazi hii?

"Ni hii, Masera," alisema. "Ametupa wimbo, lakini hakutupa maneno ya wimbo. Halafu ameuliza swali harakaharaka, ili msomaji aone haya kujibu."

"Na maneno hayo ni yapi?"

Odile aliinamisha kichwa. Kwao Lusangi watu waliimba ili miguu iende pamoja chini ya mzigo, na waliimba kwa Kibangubangu, juu ya kapita, yule msimamizi wa pamba. Waliimba tumbo lake linalofika sokoni kabla yake, na kila mavuno lilipata ubeti mpya. Kapita alitoka mbali, lugha hakuijua, basi alikuwa akiwapigia makofi. Odile alieleza haya yote kwa sauti ndogo. Msichana mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

"Ni matusi, Masera. Tunaimba kwa hasira. Mwandishi alisikia sauti, hakuuliza kitu."

Masera alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Akasema kwa Kiswahili, ili hata wadogo waliokuwa mlangoni wasikie, kwamba haya ni maajabu: mtoto aliyezaliwa juu ya mkeka anawafundisha watu wa Ulaya kuandika. Kisha akamgeukia Mwalimu Victorine. Je, huu ni uchambuzi au ni utovu wa adabu? Kama ni utovu wa adabu, msichana afunge mzigo wake leo.

Mwalimu Victorine alikula mshahara wa misheni. Alikishika kitambaa chake cha kichwa kana kwamba upepo ungekichukua.

"Ni uchambuzi, Masera. Ndivyo mtihani unavyotaka."

"Basi, huyu ndiye utakayemtuma. Kasongo watamcheka wenyewe," Masera alisema, akakusanya kanzu yake na kutoka.

Odile alibaki amesimama, hajui kama aketi. Emilienne alikuwa akilia. Alitaka kujua kwa nini basi walifundishwa kusifu, kama kusifu si kitu.

Mwalimu Victorine alifunga mlango kwanza.

"Kwa sababu niliogopa, mwanangu," alisema. "Kuchambua si kupiga makofi. Ukisoma, uliza mwandishi amekuonyesha nini na amekuficha nini, hata kama ni mkubwa, hata kama maneno yake ni matamu. Odile ameuliza. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza, nikanyamaza, nikawanyamazisha na ninyi. Sasa nasema: mwandishi yule anatudharau, na makala yake ni ya uongo."