Kiti cha Lowoi

Michezo kumi ilikuwa imekwisha, na vizibo vya Lowoi bado vilikuwa thelathini. Ndivyo alivyoviacha Jumapili iliyotangulia, na sasa vilipaswa kubaki ishirini. Lowoi mwenyewe, dereva wa lori, alikuwa amezikwa Jumatano.

Ilikuwa mwaka 1978, mchana wa Jumapili, katika stoo ya duka la Kaimenyi huko Chechelesi. Kaimenyi aligawa karata za poka. Zawadi ilikuwa redio. Katika kila mchezo kila mshindani aliweka kizibo kimoja cha soda kwa lazima, na aliyeishiwa alitoka. Asiyefika aligawiwa vilevile, na vizibo vyake vikaliwa kimoja kimoja mpaka viishe. Walipomgawia marehemu, waliona ni heshima.

"Nani anavirudisha?" aliuliza Hezekiah, karani wa mifugo, aliyebaki na vizibo vitano.

"Si wewe umekaa karibu na kiti chake?" alisema Dima, mchuuzi wa mbuzi. "Ama unaogopa maiti atakushinda?"

Naye Dima alikuwa na vitano. Akavisukuma vyote katikati, dau lake la mwisho. Karata za kiti kitupu, zilizolala kifudifudi, zikajifunua moja baada ya nyingine: malkia wanne. Stoo ikanuka manyoya yaliyoungua. Dima alijaribu kucheka, akaenda zake nyumbani, mtaa wa Kiwanjani.

Kesho yake adhuhuri walimkuta kitandani amekufa, na kinywani mwake vizibo vitano, ingawa alivyopoteza vilikuwa bado mezani.

Sheikh Abdisalan aliitwa. Alisimama mlangoni pa stoo, hakuingia.

"Huyo si Lowoi," alinong'ona. "Lowoi amelala. Nyinyi mlimgawia mtu ambaye hayupo, na jini akaja akakaa. Mmemkaribisha kwa sheria yenu, hatatoka mpaka aishiwe."

"Na mimi nisipokuja, sheikh?" aliuliza Hezekiah.

Sheikh alimtazama Kaimenyi. Kaimenyi akainamisha kichwa. "Asiyefika hugawiwa," alisema polepole.

Basi Jumapili iliyofuata Hezekiah alifika saa nane, jua likiwa kali juu ya mabati. Alisubiri karata nzuri, hazikuja, na kizibo chake cha lazima kikaliwa mara mbili. Vilibaki vitatu. Alijua kwamba akiendelea kusubiri atakwisha bila kupigana, kwamba vitatu bado vina nguvu ambayo kimoja hakina, na alipopewa jozi, tisa mbili, akavisukuma vyote, huku harufu ile ya manyoya ikimpanda puani na kitu fulani, upande wa pili wa meza, kikivuta pumzi ndefu yenye mchanga ndani yake, kama mtu anayekoroma akiwa macho.

Karata za kiti zikajifunua. Jozi ya nane mbili.

"Umeshinda," Kaimenyi alisema, machozi yakimtoka. "Hezekiah, ndugu yangu, umepona. Twende."

Hezekiah hakuinuka. Aliangalia vizibo vyake sita, kisha vile vya ng'ambo, thelathini na vinne, akaelewa kile ambacho Kaimenyi hakuwa amekielewa: mwenye vitatu hushinda vitatu tu, hata karata zake ziwe nzuri namna gani, na mchezo hauishi mpaka mmoja aishiwe.

"Kaimenyi," alisema kwa sauti ndogo, "mikono yako iko wapi?"

"Iko magotini."

Juu ya meza karata zilikuwa zikichanganywa. Kisha kizibo kimoja cha Hezekiah kikateleza chenyewe, taratibu, hadi katikati.