Jembe la Mama Zuhura

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Zuhura alichota maji, akawasha moto, akapika uji na kumvalisha mdogo wake Sharifu. Zamani kazi hizo zilikuwa za mama. Mama ndiye aliyeamka wa kwanza, akaswali, kisha akaanza kugomba: kuni zimelowa, Sharifu hajanawa, Zuhura anachezea unga. Sasa mama alilala ameelekea ukutani, macho wazi. Mkeka wake wa kuswalia ulikuwa umekunjwa juu ya sanduku, umeshika vumbi.

"Mama, uji."

"Weka hapo."

Zuhura aliporudi shule aliukuta palepale, umeganda.

Mambo hayo yalianza wakati wa masika, baada ya mtoto mchanga wa mama kufariki. Siku ya maziko mama hakulia. Wanawake wa kijiji chao, juu kidogo ya Mlalo, walimsifu. "Salma ana subira," walisema. "Amemwachia Mungu." Hata baba, Mzee Hassani, kabla ya kuteremka Magoma kulima mpunga, alimwambia Zuhura, "Msimsumbue mama yenu. Anavumilia vizuri."

Basi Zuhura hakumsumbua. Lakini aliona. Aliona mama hasuki nywele, haogi mpaka aombwe, na mboga anaitia chumvi mara mbili au haitii kabisa. Siku moja Zuhura aliunguza maharage mpaka nyumba nzima ikanuka. Alisimama akingoja kugombwa. Mama aliitazama sufuria kama ni ya watu wengine, akageukia ukuta. Zuhura alikwenda kulia nyuma ya migomba. Afadhali angechapwa.

Bondeni walikuwa na shamba la karoti. Miaka ile malori ya wafanyabiashara kutoka Dar es Salaam yalikuwa yameanza kupanda mlimani kununua mboga, na kila nyumba ililima kwa bidii. Maji ya mfereji yaligawanywa kwa zamu. Zamu ya mama ilikuwa Jumanne. Mwenye zamu hufungua maji kwa jembe lake, asipokuja, yanampita.

"Wee Zuhura," aliita Mama Hamza, jirani yao mwenye maneno mengi. "Karoti zenu siku hizi zinakunywa umande?"

"Shikamoo, Mama Hamza."

"Marahaba. Mwambie mama yako maji yamempita tena. Au mmekuwa watu wa mjini?"

Siku chache baadaye, Zuhura alipotoka shule, alimkuta Mama Hamza anatoka kwao na jembe begani. Lilikuwa jembe la mama, lile alilopewa na bibi siku ya kuolewa. Mpini wake uling'aa kwa kushikwa na mikono yake. Mama hakuwahi kumwazima mtu jembe hilo. Hata baba aliliomba kwa adabu.

"Mama yako ana moyo," Mama Hamza alisema akicheka. "Kanipa jembe, kanipa na zamu ya maji. Si kuazima, kanipa kabisa."

Zuhura aliingia ndani. "Mama, tutalimia nini?"

"Mtalima na baba yenu." Mama alisema polepole, bila chozi, kama mtu anayemwagiza mtoto kiberiti dukani. "Mimi nimekwisha, mwanangu. Nawaharibia tu. Mkibaki bila mimi mtapumua. Na haya usimwambie mtu. Ya nyumbani yabaki nyumbani."

Zuhura alikuwa mtoto wa kutii. Alisimama mlangoni. Akisema, atakuwa amevunja siri ya mama yake. Akinyamaza, huenda kesho hatakuwa na mama wa kumtunzia siri. Baba alikuwa mbali. Zuhura alivuka ua mbio hadi kwa jirani.

Mama Hamza alikuwa anafuta jembe. "Umekuja kulirudisha? Mimi nimeshapewa."

"Mama amesema tukibaki bila yeye tutapumua."

"Amechoka huyo. Mwache. Mama yako ana subira."

"Si subira," Zuhura alisema. "Mwenye subira anakula. Anaswali. Mama hata kunigomba hawezi tena."

Mama Hamza alilitazama jembe mikononi mwake. Akaliweka chini taratibu.

"Mwanamke hagawi jembe lake," alisema. "Nami nikacheka. Kimbia zahanati ukamwite nesi. Mimi nakwenda kukaa naye."

Nesi Efrazia alikuja, sweta juu ya sare. Hakuhubiri. Aliketi chini kando ya kitanda, akauliza usingizi ukoje, chakula kikoje, tangu lini. Halafu akauliza kwa upole, "Dada Salma, unawaza kufa?"

Mama aligeuka kutoka ukutani. "Kila siku," alisema.

Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu mtoto afariki. Kilikuwa kilio kibaya, cha kutoka tumboni. Mama Hamza alitaka kumnyamazisha, lakini nesi akamshika mkono. "Mwache alie."

Kisha nesi alisema, "Huu ni ugonjwa. Hospitali tunauita sonona. Si uvivu, wala si upungufu wa imani. Una matibabu."

"Watu watasema nimepata wazimu," mama alinong'ona.

"Wataanza kunisema mimi," Mama Hamza alijibu, "niliyekwenda na jembe la mgonjwa."

Hawakumwacha mama peke yake tena. Baba alipelekewa habari, akapanda kutoka Magoma, akampeleka hospitali Lushoto. Daktari alimpa vidonge na kumtaka arudi kila mwezi. Lakini dawa ile haikufanya kazi upesi kama ya malaria. Wiki zilipita, mama bado ameelekea ukutani. Siku moja alimwambia Zuhura, "Nilikuambia usiseme." Zuhura alibeba maneno hayo kila alipokwenda, darasani na kisimani, akiamini amempoteza mama kwa njia nyingine.

Nesi alimkuta amekaa nje peke yake. Zuhura alimweleza.

"Sikiliza, mwanangu," nesi alisema. "Ukiona mtu hali chakula, halali usingizi, ameacha aliyoyapenda, anagawa vitu vyake, anasema hafai kuishi, usimtunzie siri hiyo. Mwambie mtu mzima. Wa kwanza asipokusikia, mwambie mwingine. Kumwombea ni vizuri, mimi namwombea. Kumleta hospitali ni vizuri pia, wala havigombani. Na kumponya si kazi yako wewe mtoto. Yako ilikuwa kusema, nawe umesema."

Jumanne moja, Mama Hamza alisimama mlangoni na lile jembe. "Maji yanakuja, Mama Zuhura. Zamu ni yako, mimi sifungui maji ya watu."

Mama aliketi kitandani. Kisha akajifunga khanga, akatoka, akishika ukuta. Bondeni alifungua maji kwa mapigo machache tu ya jembe, akachoka, akaketi tutani. Alitazama karoti zilizomezwa na magugu, maji yakipita katikati yake.

"Zuhura," alisema, "ndivyo mlivyoliacha shamba langu hivi? Umesimama tu, unatazama nini?"

Zuhura aliinama kung'oa magugu, huku akilia. Alikuwa amegombwa.