Sauti ya Banda la Nne

"Nguruwe wauzwe kabla ya saa sita."

Sauti ya mkuu wake ilikwaruza kwenye redio ya Motorola, kisha ikakatika. Hakukuwa na nguruwe wa kuuzwa. Maana yake ilikuwa moja: lori la dawa za magendo lisivuke mto Danube, mpakani.

Mpelelezi Zornitsa Dragneva alikanyaga mafuta. Gari lake, Lada Niva nyeupe lenye nembo ya idara ya mifugo ubavuni, liliruka tuta likaingia langoni mwa shamba.

Harufu ilimpiga kabla hajafungua mlango.

Si ya mavi tu. Mavi alikuwa ameyazoea, alikulia kijijini. Hii ilikuwa na utamu ndani yake, utamu wa kutapisha, kama matunda yaliyooza ndani ya kopo la rangi. Kemikali. Mtu alichagua shamba la nguruwe makusudi, uvundo mmoja ufunike mwingine.

Meneja alimjia akitema maganda ya alizeti. Kosta. Fulana yake ilikuwa na damu iliyokauka, na wala hakujali.

"Daktari tena? Si alikuja mwenzako juzi?"

"Homa ya nguruwe imeingia kijiji cha jirani. Nikiandika neno moja tu, wanachomwa wote leo. Niandike, au nipite?"

"Pita, mama, pita. Mbona mkali hivyo asubuhi hii? Hujanywa kahawa?"

Alipita. Kiunoni, chini ya koti, alikuwa na bastola ya Makarov. Mkononi alishika kidude kilichofanana na kipimajoto cha mifugo, waya wake mwembamba ukiwa sikioni. Hakikupima joto. Watafiti wa wanyama hukitumia kusikiliza popo, kwa maana kinashika sauti ambazo sikio la binadamu halizipati.

Banda la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu, mkwaruzo mdogo.

Banda la nne, kidude kilipiga kelele sikioni mwake.

Nguruwe walikuwa wamejibana ukuta mmoja, wamepandiana, mikia imetafunwa hadi kwenye nyama. Wao walikuwa wakiisikia sauti hiyo mchana na usiku. Hakuna aliyewahurumia. Zornitsa alinong'ona kwenye kola yake:

"Lyuben. Popo analia."

"Nimekupata," alijibu mwenzake kutoka kwenye gari lililojificha nyuma ya mashamba ya mahindi. "Polisi wako njiani. Nipe dakika chache."

"Lori limeshapakiwa, nimeliona uani. Sina dakika."

Majira ya kuchipua yaliyopita alikuwa amekwenda hospitali ya mji wa Pleven kuona watoto wenye kifafa waliomeza vidonge vya magendo. Boksi sahihi, muhuri sahihi. Msichana mmoja fizi zake zilikuwa nyeusi, na mama yake alikuwa akizifuta kwa kitambaa, polepole, bila kuuliza kitu. Maabara ilisema dawa yenyewe imo, lakini inaogelea katika uchafu wa mapishi yasiyosafishwa. Hakuna aliyejua inapikwa wapi. Kupika dawa nyingi kiasi kile kulihitaji matangi ya moto na mabomba ya moshi, na ndege zisizo na rubani hazikuona moshi popote.

Ndipo Zornitsa alipokumbuka mhadhara mmoja wa chuo kikuu, mjini Sofia: kupika kemikali kwa sauti, bila moto.

Alisukuma mlango wa bati mwishoni mwa banda.

Ndani palikuwa peupe na taa kali. Fimbo ya titani ilining'inia kwenye waya wake, ncha imezama katika chungu cha kioo. Kimiminika kilichemka bila moto. Kando yake mzee mwenye ndevu safi alikuwa akikata soseji ya lukanka juu ya meza ileile ya kazi.

Profesa Asparuh Mindov.

"Wewe ulikaa kiti cha mbele," alisema, bila kushtuka. "Uliuliza maswali mazuri. Karibu, mwanangu. Glasi ya rakia?"

"Zima mashine, profesa."

"Tazama kwanza!" Macho yake yaling'aa. "Ultrasaundi, kama ya kupimia wajawazito, ila yangu ina nguvu maradufu na maradufu. Viputo vinazaliwa, vinapasuka, na kila kimoja kikipasuka kinatoa joto kali kwa kufumba na kufumbua. Kilichotaka siku nzima ya moto kinaiva kabla chai haijapoa. Wenzangu walinicheka."

"Na uchafu?"

"Kusafisha kunachukua muda. Wanunuzi hawana subira." Alitia kipande cha soseji mdomoni. Vidole vyake vilikuwa vya njano. "Mimi napika tu. Wanaokula siwajui."

"Mjukuu wako ana kifafa."

"Anahusiana nini na haya? Yeye anatumia dawa ya duka la Sofia."

Alitafuna. Mafuta yalimchuruzika kwenye ndevu.

Zornitsa alipiga hatua kuelekea mashine.

"Mikono juu, daktari wa uongo."

Kosta alisimama mlangoni na bunduki ya kuwindia. Nje injini ilinguruma.

"Milko! Ondoa lori! Nenda!"

Makarov ilikuwa mbali na mkono wake. Fimbo ilikuwa karibu.

Aliinyakua kutoka kwenye chungu, akajitupa chini, akaikandamiza kwenye bomba la chuma la kulishia lililopita banda zima.

Bomba lilipiga ukelele.

Bunduki ililia, risasi ikapasua chungu. Lakini nguruwe walishapata wazimu. Mamia ya kilo za nyama zilijitupa kwenye mageti, mbao zikavunjika kama njiti. Kosta aligeuka. Akachelewa. Walimzoa mzimamzima hadi kwenye shimo la mavi, akazama mpaka kifuani, akatapika huku akiita mama yake.

Nje, kundi lilifurika uani na kuziba lango. Milko alipiga honi. Akapiga tena. Nguruwe walikuwa kati ya magurudumu, mbele, nyuma. Lori halikusogea hata hatua.

"Lyuben."

"Nakuona. Mungu wangu, ni nini hicho?"

"Mzigo umebaki. Leta pingu. Na kamba, mmoja yuko shimoni."

Polisi walimtoa Mindov akiwa amekumbatia fimbo yake iliyopinda. Hakuuliza kuhusu wakili. Hakuuliza kuhusu watoto. Alipofika mbele ya Zornitsa alisimama, akamtazama kama mwalimu anayesubiri jibu.

"Wewe ulielewa, si ndiyo? Waambie. Kazi ilikuwa nzuri."

Zornitsa alimtazama. Kipande cha soseji kilikuwa bado kimenasa kwenye ndevu.

"Ilikuwa nzuri sana," alisema. "Hilo ndilo linalonitia kinyaa."

Alivua mabuti, akayaacha palepale kwenye tope. Akavuka ua kwa soksi, taratibu, kati ya nguruwe waliokuwa wameanza kutulia.