Wanja Kichwani

Kila asubuhi, kabla ya chai, Chiriku alimeza kidonge kimoja kwa glasi nzima ya maji huku mama yake akimkodolea macho mpaka kishuke. Kisha alifunga kitambaa chake cha buluu, akashika ufagio na kufagia chumba cha mbele. Chumba hicho kilikuwa saluni. Mama yake alikuwa msusi, tena msusi wa kusifika, na sakafu yake haikukosa nywele: za kweli na za bandia, nyeusi na za kahawia. Nyumba nzima ilijaa nywele, isipokuwa kichwa cha binti wa nyumba. Dunia haiishi vituko.

Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake kwa sababu alisema bila kituo, kama yule ndege. Lakini mwaka uliopita nywele zilianza kunyonyoka, kwanza kiduara kidogo nyuma ya sikio, mwishowe kichwa kizima, naye akapungukiwa maneno. Darasani walimbandika jina la Yai. Msichana mmoja alihama dawati akidai kwamba ataambukizwa.

"Haya si mapunye, na hayaambukizi," daktari wa ngozi alikuwa amewaeleza siku ya kwanza. "Kinga ya mwili wako imekosea njia. Kazi yake ni kupigana na vijidudu, lakini sasa inashambulia mizizi ya nywele zako mwenyewe. Vidonge hivi vinazuia ile amri inayoituma kushambulia. Ila ni dawa nzito, mwanangu. Kinga ikitulizwa, maradhi mengine yanaweza kupata mwanya, ndiyo maana tutakupima damu mara kwa mara. Tutajaribu miezi sita. Kama hakuna kitakachoota, tutaacha."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomkaa Chiriku rohoni. Na leo miezi sita ilikuwa imetimia.

Mama alipoingia kuoga, Chiriku alivua kitambaa mbele ya kioo cha saluni. Alijigeuza huku na huku, akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Hakuona hata unywele mmoja mweusi. Watamnyang'anya dawa leo hii, na atakuwa Yai mpaka azeeke.

Mezani palikuwa na penseli ya wanja. Mama aliitumia kuwajazia wateja ambao nywele za mbele zimewapungua. Chiriku alikuwa ameitazama kazi hiyo mara nyingi: mistari mifupi, myembamba, yote ikilala upande mmoja. Akaanza juu ya sikio la kulia, akaja la kushoto, akapanda utosini. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu. Ukitazama kwa mbali, ungedhani ni nywele za wiki mbili. Alifunga kitambaa polepole, asije akafuta kazi yake.

Hospitalini, wagonjwa wa nywele walipigwa picha kwanza ndipo wakaingia kwa daktari. Mama alibaki kwenye benchi kushika zamu. Muuguzi wa kupiga picha alikuwa na foleni ndefu, na uvumilivu mfupi.

"Vua kitambaa, bibie. Tazama ukutani. Geuka. Geuka tena." Kamera ikamulika mara nne. "Kumbe mambo si mabaya. Hongera. Haya, anayefuata."

Chiriku alijifunga tena kitambaa. Alitegemea kufurahi, lakini furaha haikuja.

Daktari alikuwa amekwisha kuzifungua picha kwenye kompyuta walipoingia. Alivaa miwani, akasogeza kiti, akatabasamu.

"Hii ni habari njema kuliko nilivyotarajia. Majibu ya damu ni mazuri, na nywele zimeota sehemu tatu." Akachukua kalamu. "Mtu akiitikia dawa namna hii, hatuna sababu ya kumjaza dawa nzito. Kuanzia leo nakupunguzia. Utameza ya nguvu nusu."

Chiriku alihisi jasho likimtoka chini ya kitambaa. Alichora ili asinyimwe dawa, na sasa dawa ilikuwa inapunguzwa kwa sababu alichora. Akinyamaza, atapata nusu. Akisema, huenda asipate kabisa.

"Tazama mwenyewe, mama," daktari alisema, akaigeuza kompyuta.

Mama aliinama. Kwa muda alikuwa na uso wa furaha, kisha furaha ikamtoka kidogo kidogo. Miaka kumi na tano alikuwa anashika vichwa vya watu. Alijua nywele zinavyoota, na aliijua mistari ile. Alimgeukia binti yake, akamtazama, akasubiri.

Kalamu ya daktari iligusa karatasi.

"Daktari, usiandike," Chiriku alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Si nywele. Ni wanja. Nimejichora mwenyewe asubuhi."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Kwa nini?"

"Ulisema kisipoota kitu tutaacha." Machozi yakamshinda. "Mimi sitaki tuache."

Daktari hakumkemea, na hilo lilimuumiza zaidi. Alimvua kitambaa, akachovya pamba kwenye mafuta, akaanza kufuta. Pamba ilitoka nyeusi, na ya pili, na ya tatu. Kisha akaagiza kioo chake cha kukuzia chenye taa kutoka chumba cha pili, akakiweka juu ya sikio la kulia na kukaa hapo muda mrefu. Chiriku alifumba macho.

"Mama, hebu sogea."

Mama alichungulia, akaweka mkono mdomoni.

"Ni vinyweleo," daktari alisema. "Vyeupe na laini sana. Mara nyingi huanza hivyo, bila rangi, ndiyo maana hukuviona. Ni vichache, na siwezi kukuahidi kwamba vitabaki. Lakini vinatosha kutufanya tuendelee miezi mitatu mingine na dawa ileile, bila kupunguza."

Chiriku alimgeukia mama. "Mama, ulijua. Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, ungenyamaza na kesho ungechora vizuri zaidi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilitaka uyatoe kwa mdomo wako," mama alijibu. Alikuwa analia na kucheka. "Na mistari yako ya kushoto imepinda."

Daktari alichana karatasi ya kwanza, akaandika nyingine.

"Nisikilize, binti. Mimi natibu ninachokiona na ninachoambiwa. Ukinionyesha uongo, nitautibu uongo, na ugonjwa wako utabaki palepale bila mtu wa kuutibu. Tena leo ulikuwa umepaka wanja juu ya nywele zako za kweli. Ukiwa na homa, sema. Ukisahau kidonge, sema. Hata habari mbaya, niletee mimi kwanza."

"Nitakuletea," Chiriku alisema, akapokea karatasi kwa mikono miwili.